Modeli yetu inaona majengo kila mahali Antaktika: tunakosea wapi?

pikseli_wakiso

Habari zenu wanajukwaa. Tuko watatu hapa Kampala, na mradi wetu ni kuchora nyayo za binadamu Antaktika kwa picha za setilaiti na akili mnemba: majengo, barabara, viwanja vya ndege, njia za magari ya theluji, na ikiwezekana meli na mahema. Tunatumia picha za bure tu, yaani Sentinel-2 na Landsat 8 na 9. Kompyuta yetu ina kadi ya michoro ya GB 8. Intaneti ni ya bando, kwa hiyo kila GB tunaihesabu.

Modeli ni U-Net (mtandao wa neva unaoainisha kila pikseli ya picha) iliyojengwa juu ya ResNet-50, mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha nyingine. Tuliifunza kwanza kwa majengo ya Wakiso, Mukono na Kasese kwa sababu lebo za huku, yaani picha tulizokwisha kuchora majibu sahihi, tunazo nyingi, halafu tukaongeza vipande 300 vidogo vya picha za Antaktika. Huku nyumbani inafanya kazi vizuri. Kule inatuangusha kwa namna nne. Miamba myeusi inaitwa majengo. Makoloni ya pengwini yanaitwa udongo uliochimbwa. Theluji yote inatoka nyeupe tupu, hata pale ambapo kwa macho tunaona wazi njia ya magari. Na eneo la majengo tunalopata katika Kisiwa cha King George ni zaidi ya mara nne ya lile tulilolipima kwa mkono.

Tuanze kurekebisha wapi? Na je, kuna maana ya kutafuta pesa za picha za kulipia zenye pikseli za sentimita 31, au bado hatujafika huko?

mwamba_na_barafu

Karibuni. Mmeeleza vizuri dalili zenu, na tatu kati ya hizo nne zina sababu zinazojulikana ambazo hazihusiani na modeli hata kidogo.

Hilo la mara nne ndilo jepesi. Mnapima eneo kwenye projeksheni ya Web Mercator, ile ya ramani za mtandaoni. Kampala iko jirani na ikweta, kwa hiyo mita ya ramani ni karibu sawa na mita ya ardhini na kosa halionekani. Nenda nyuzi 62 kusini, ilipo King George: urefu unavutwa mara 2.13, na eneo mara 4.5. Nyuzi 70, eneo linakuwa mara 8.5. Kwa kuchora na kutazama tumieni EPSG:3031 (EPSG ni orodha ya namba za projeksheni za ramani), ambayo kipimo chake ni halisi kwenye nyuzi 71 kusini. Hata hivyo, kwa King George nayo inazidisha eneo kwa asilimia 6 hadi 7. Mkifika hatua ya kujumlisha mita za mraba hamieni EPSG:6932, maana hiyo hailipotoshi eneo. Upande wa Aktiki jozi yake ni 3413 na 6931.

Sasa theluji nyeupe tupu. Tafuteni kwenye msimbo wenu ule mstari unaokata thamani za pikseli. Mifano mingi ya Sentinel-2 inayozunguka mtandaoni inakata kwenye 3,000, kwa sababu udongo, mashamba na misitu ya huku mara nyingi haivuki hapo. Thamani 10,000 maana yake ni mwakisiko wa 1, yaani mwanga wote umerudishwa. Theluji safi huanzia karibu 8,000 kwenda juu, na jua likiwa chini, mteremko unaolitazama jua unaweza kupita 10,000. Ukikata 3,000, theluji yote inakuwa kitu kimoja. Njia ya magari inatofautiana na theluji ya kando yake kwa vipimo vichache tu, kwa hiyo inafutika kabla modeli haijaiona. Gawanyeni kwa 10,000, kateni kwenye 1.5, kisha mfunze upya kuanzia mwanzo, pamoja na zile picha za Wakiso. Kubadilisha kipimo wakati wa kutumia modeli huku ikiwa imefunzwa kwa kipimo cha zamani kutawaletea fujo mbaya zaidi.

Na msije mkakimbilia kunyoosha mwangaza wa kila kipande kwa asilimia 2 hadi 98, yaani kufanya pikseli zake za giza ziwe nyeusi na za mwanga ziwe nyeupe. Kipande cha theluji tupu kitanyooshwa mpaka kelele za kamera zionekane kama mji.

Miamba kuitwa majengo kuna sababu mbili. Ya kwanza: modeli iliyofunzwa kwa mabati juu ya udongo mwekundu imejifunza kutafuta ukingo mkali kati ya mwanga na giza. Huku kwetu ukingo wa namna hiyo mara nyingi ni paa kweli. Kule, ukingo mkali kuliko yote ni wa mwamba na theluji, na uko kila mahali. Majengo yenyewe ni makontena na mabanda yaliyowekwa juu ya changarawe yenye rangi inayokaribiana nayo. Ya pili ni hesabu, na hii naomba muifanye wenyewe kwa kalamu kabla ya kufunza tena chochote.

Antaktika ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 14. Kwa pikseli za mita 10 za Sentinel-2 hizo ni pikseli bilioni 140. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Sustainability ulipima majengo ya bara zima kwa picha za setilaiti ukapata zaidi ya mita za mraba 390,000, yaani pikseli kama 3,900. Chukua modeli nzuri ajabu, inayokosea mara moja tu katika pikseli milioni. Itakupa pikseli 140,000 za uongo dhidi ya 3,900 za kweli. Hakuna namna ya kufunza modeli itakayokutoa hapo. Kinachokutoa ni kupunguza eneo unalotafuta.

Pakueni ramani ya miamba iliyo wazi kutoka hifadhi ya kidijitali ya Antaktika ya SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika. Ardhi isiyofunikwa na barafu ni asilimia 0.18 tu ya bara, kama kilomita za mraba 21,745. Modeli ile ile, kosa lile lile, sasa inatoa pikseli 217 za uongo. Hizo mnaweza kuzipitia kwa macho kwa siku moja. Zungushieni kila mwamba ukanda wa mita 500, kwa kuwa gati, viwanja na maghala hukaa pembeni ya mwamba. Halafu vituo vilivyojengwa juu ya barafu yenyewe, kama Halley, Neumayer na Concordia, viongezeni kwa duara la kilomita 10 kila kimoja, maana ramani ya miamba haiwezi kuvigusa.

Jambo jingine: kwa mita 10, acheni kabisa kusema mnatafuta majengo. Banda la kituo lina upana wa pikseli moja, mbili, pengine tatu. Mnachoweza kukiona kwa uhakika ni eneo lililovurugwa kwa ujumla wake, yaani majengo pamoja na barabara, matenki, changarawe iliyosawazishwa na matuta ya udongo. Na eneo hilo ndilo kubwa: utafiti ule ule ulipata zaidi ya mita za mraba 5,200,000 za ardhi iliyovurugwa mahali pasipo barafu, mara 13 ya majengo. Badilisheni jina la tabaka lenu (aina ya kitu ambacho modeli inakitafuta), na lebo nazo zichorwe upya kwa maana hiyo.

Pengwini. Msiwaweke kwenye tabaka la "vinginevyo". Wapeni tabaka lao wenyewe. Mavi yao hupaka mwamba rangi ya waridi na kahawia, na doa hilo linaonekana hata kwenye Landsat ya mita 30. Ndivyo makoloni ya Visiwa vya Danger, yenye pengwini wa Adélie karibu milioni moja na nusu, yalivyogunduliwa kabla ya kuhesabiwa kwa droni na kutangazwa mwaka 2018. Modeli ikilazimishwa kuliita doa kubwa namna hiyo "si kitu" huku ikiambiwa changarawe iliyochimbwa ni kitu, inachanganyikiwa, na ina haki. Ikiwa na tabaka tatu, yaani uvurugaji, koloni na vinginevyo, itaanza kutumia umbo: koloni lina kingo laini na hufuata mteremko, kazi ya binadamu ina mistari na pembe. Vipande 60 hadi 80 vya makoloni vinatosha kuanzia.

rada_jinja

Naunga mkono yote hayo. Naongeza upande wa meli, mawingu na giza.

Kisiwa cha King George kinafunikwa na mawingu karibu kama Rwenzori. Kwa Sentinel-2 mnaweza kumaliza msimu mzima mkapata picha mbili au tatu safi. Tena vichujio vya mawingu vya kawaida huko havitegemeki: wingu ni jeupe, theluji ni nyeupe. Tenganisheni kwa infraredi ya mawimbi mafupi, bendi ya B11. Wingu la matone ya maji hung'aa pale, theluji huwa nyeusi. Kipimo cha NDSI ni bendi ya kijani kutoa B11, ugawe kwa jumla yake. Kizingiti cha 0.4 ni mwanzo mzuri. Mawingu membamba ya barafu bado yatawaponyoka, hayo yaondoeni kwa kulinganisha picha za tarehe tofauti.

Kumbukeni pia kwamba jua likishuka chini ya nyuzi 20 marekebisho ya angahewa hayaaminiki. Kwa hiyo kwa Antaktika ni salama zaidi kutumia kiwango cha L1C, ambacho hakijafanyiwa marekebisho hayo, msichukue L2A iliyokwisha kurekebishwa. Na shikeni Desemba na Januari. Picha za Machi zina vivuli virefu vinavyoiga barabara.

Kwa meli tumieni Sentinel-1. Rada yake hupita mawingu na usiku, na picha ni za bure. Shida ni kwamba siwa la barafu (mlima wa barafu unaoelea) na meli vyote ni nukta nyeupe juu ya maji meusi. Kujifunzia, kuna seti ya picha 1,604 zenye lebo za meli na masiwa, pikseli 75 kwa 75, katika mielekeo miwili ya mawimbi ya rada, HH na HV, iliyotolewa kwa shindano la Statoil na C-CORE kwenye Kaggle mwaka 2017. Hizo si za maji ya kusini, lakini kwa kuifundisha modeli tofauti hiyo zinatosha kuanza. Msisahau kuingiza pembe ya miale ya rada kama namba ya pembeni. Meli ile ile hung'aa tofauti pembe ikibadilika, na modeli isiyoijua pembe hiyo inabahatisha.

Kisha linganisheni na AIS, mtambo wa melini unaotangaza jina na mahali meli ilipo. Meli zote za abiria za kimataifa, na za mizigo kuanzia tani 300 za ujazo zinazosafiri kimataifa, lazima ziwe nayo. Nukta ya rada isiyo na AIS ndani ya dakika 10 na kilomita 2 ni ya kuangaliwa kwa makini, lakini msiiite meli iliyojificha mpaka muione imesogea kinyume na mkondo kwenye picha inayofuata. Masiwa husogea pia.

Taa za usiku ni njia ninayoiona ikitumiwa vibaya sana. Kamera ya VIIRS huona taa kwa pikseli za kama mita 750. Kiangazi cha ncha hakuna usiku, kwa hiyo hakuna data. Majira ya baridi kuna usiku mrefu, lakini kuna pia aurora, mianga ya asili inayocheza angani karibu na ncha, na mwezi mpevu juu ya theluji unang'arisha kila kitu. Chukueni thamani ya kati ya usiku 30 au zaidi usio na mwezi: aurora hutembea, taa ya kituo hukaa pale pale. Aktiki njia hii inafaa zaidi kwa sababu kuna miji kama Norilsk na mioto ya gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta. Antaktika, vituo vingi wakati wa baridi vina watu wachache na taa hafifu.

Neno moja kuhusu setilaiti yetu, kwa kuwa swali hilo huulizwa mara kwa mara humu. PearlAfricaSat-1 iliyorushwa Novemba 2022 isingeweza kusaidia hapa hata kidogo. Iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, na mzingo wake ulikuwa umeinama nyuzi 51.6 tu, kwa hiyo haikupita juu ya ncha yoyote. Sentinel na Landsat zenyewe, ambazo mizingo yake hupita karibu na ncha, huacha shimo katikati: Landsat haioni zaidi ya takriban nyuzi 82.7. Kituo cha Amundsen-Scott kilichopo kwenye ncha yenyewe hamtakiona humo.

pikseli_wakiso

Asanteni sana, mwalimu na ndugu yangu wa Jinja. Ni kweli, msimbo wetu unakata 3,000. Tumeanza kufunza upya.

Yamebaki mawili. Kwanza gharama ya intaneti: kipande kimoja cha Sentinel-2 kinakaribia GB 1, na vituo ni zaidi ya 70. Pili, tutahakikije matokeo bila mtu wa kufika kule?

mwamba_na_barafu

La intaneti lina jibu fupi. Msipakue kipande kizima. Kateni kwenye Google Earth Engine kwanza, huduma ya Google inayochakata picha za setilaiti mtandaoni: mraba wa kilomita 5 kwa 5 kuzunguka kila kituo, bendi 6, ni pikseli 500 kwa 500, kama MB 3 bila kubana. Vituo 70, misimu minne, ni MB 840. Chini ya kipande kimoja mnachokilipia sasa. Kwa ukanda wa miamba, endesheni kichujio chepesi huko huko, kisha mshushe tu yale maeneo yanayotia shaka.

Kuhakiki ndipo miradi mingi ya namna hii inapoharibika, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kugawa vipande kwa bahati nasibu. Kituo kile kile kikiwa kwenye mafunzo mwaka 2019 na kwenye mtihani mwaka 2022, modeli imekariri, haikujifunza. Gawanyeni kwa mikoa. Kwa mfano, funzeni kwa King George na Milima ya Larsemann, ambako vituo vya Bharati, Zhongshan na Progress viko karibu karibu, halafu mtihani uwe Schirmacher, penye Maitri na Novolazarevskaya. Alama zitashuka sana mara ya kwanza. Msishtuke, hizo ndizo alama zenu za kweli.

La pili ni kuripoti usahihi wa jumla. Modeli inayosema "hakuna kitu" kila mahali itapata zaidi ya asilimia 99. Toeni namba mbili tu kwa tabaka la uvurugaji: kati ya alama modeli ilizotoa, ngapi ni za kweli, na kati ya maeneo yaliyopo, mangapi imeyaona. Hesabuni kwa eneo zima zima, si kwa pikseli, maana kituo kimoja kikubwa kama McMurdo kitaficha vibanda 20 vilivyokosekana.

La tatu ni lebo kuhama. Barafu inatembea. Kituo cha Amundsen-Scott huteleza nayo mita 10 hivi kila mwaka. Halley VI, kilichojengwa juu ya miguu yenye skii, kilivutwa kilomita 23 katika msimu wa 2016 hadi 2017 kwa sababu ya ufa kwenye rafu ya barafu ya Brunt. Lebo ya 2015 ukiiweka juu ya picha ya 2020 unaifundisha modeli kwamba theluji tupu ni kituo. Kwa vituo vya juu ya barafu, kila mwaka uwe na lebo yake. Vya juu ya mwamba, lebo moja inadumu mpaka wajenge.

Badala ya kufika kule, tumieni matukio yenye tarehe zinazojulikana kama mtihani. Kituo cha Brazil cha Comandante Ferraz, King George, kiliungua Februari 2012 na kipya kikazinduliwa Januari 2020. Kituo cha Qinling cha China, pwani ya Bahari ya Ross, kilifunguliwa Februari 2024. Halley mnaijua. Modeli yenu ikiendeshwa mwaka baada ya mwaka inapaswa kuonyesha kazi za ujenzi Ferraz, Qinling ikitokea pasipo na kitu, na Halley ikiondoka hapa ikatua pale. Isipoonyesha haya matatu, msichapishe ramani ya mabadiliko. Kuratibu za vituo ziko kwenye orodha ya COMNAP, baraza la mashirika ya kitaifa yanayoendesha vituo vya Antaktika, ambayo ni bure.

Na lebo zichorwe na watu wawili wasiotazamana. Wakitofautiana zaidi ya asilimia 20 ya eneo, maelezo yenu ya "uvurugaji" hayajaeleweka. Andikeni upya maelezo hayo kabla ya kuilaumu modeli.

kivuli_kirefu

Kuhusu picha za sentimita 31 ambalo halijajibiwa. Bado, msinunue. Lakini mjue zinawapa nini, ili siku ya kuomba fedha mwombe kwa sababu sahihi.

Pipa la mafuta la lita 200 lina kipenyo cha kama sentimita 58, yaani pikseli mbili. Hema la mita 3 ni pikseli 9 au 10, na rangi yake ya chungwa au njano hulitoa wazi. Gari kubwa la theluji huacha mikanda miwili inayoonekana. Mtu mmoja ni pikseli moja au mbili na hatambuliki, kwa hiyo anayedai kuhesabu watu Antaktika kutoka angani anahesabu kitu kingine. Tunasoma alama wanazoziacha.

Kwenye picha hizo kivuli ni rafiki, kinyume na alivyosema rada_jinja kuhusu mita 10, na yeye yuko sahihi kwa mita 10. Jengo la mita 5 jua likiwa nyuzi 25 hutupa kivuli cha mita 10.7. Kwa Sentinel-2 hiyo ni pikseli moja chafu. Kwa sentimita 31 ni pikseli 34 zenye umbo la jengo, hata paa likiwa limefunikwa na theluji kabisa. Wekeni pembe na mwelekeo wa jua kama bendi mbili za ziada, na mtumie REMA, ramani ya kimo ya bure yenye pikseli za mita 2, kukokotoa vivuli vya vilele. Kivuli ambacho mlima hauwezi kukieleza ndicho cha kuangalia.

Njia za magari zina adui wake: matuta ya theluji yaliyochongwa na upepo. Yanakuwa maelfu, sambamba, marefu. Kanuni mbili zinasaidia sana baada ya modeli kumaliza. Matuta yote hufuata upepo, njia ya gari hukatiza. Na njia ina mwanzo na mwisho wenye maana: kituo, uwanja wa ndege, ghala la mafuta, pwani. Mstari wa kilomita 3 usiounganisha chochote na chochote, futeni.

droni_fortportal

Kama mtapata mshirika mwenye kituo kule, droni inajaza pengo kati ya setilaiti na mtu wa ardhini. Ukubwa wa pikseli ardhini ni upana wa kihisi mara urefu wa kuruka, gawanya kwa urefu wa lenzi mara idadi ya pikseli za upana. Phantom 4 Pro, kihisi cha milimita 13.2, lenzi ya 8.8, pikseli 5,472: kwa mita 100 unapata sentimita 2.7. Njia ya miguu juu ya mosi, ile mimea midogo laini inayofunika mwamba, inaonekana.

Yanayoharibika kule ni haya. Betri ya lithiamu ikipoa, volti inaanguka ghafla ukiomba nguvu, na droni inajishusha yenyewe hata kama mita inasema asilimia 40. Zipashwe joto hadi nyuzi 20 au zaidi kabla ya kuruka, zikae ndani ya koti karibu na mwili, na urudi nyumbani ikibaki asilimia 50. Phantom 4 Pro yenyewe imetengenezwa kwa joto la sifuri kwenda juu. Ukiipeleka chini ya hapo umeamua kubeba hatari hiyo. Dira nayo: karibu na ncha ya sumaku mistari ya sumaku inasimama karibu wima, na sehemu ya mlalo inayotumiwa na dira ni dhaifu. Pwani ya Adélie, jirani na kituo cha Dumont d'Urville, ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ncha ya sumaku ya kusini iko baharini karibu na hapo. Tumieni droni yenye antena mbili za GPS za kujua mwelekeo, au rubani awe tayari kuirudisha kwa mkono.

Kuunganisha picha za theluji kunashindikana kwa sababu programu haipati alama za kushikanisha. Picha zifunikane asilimia 80 mbele na 80 kando, mwangaza uwekwe kwa mkono na usibadilike, na grafu ya mwanga isiguse ukingo wa kulia. Mazoezi ya hili hayahitaji theluji: mabati mapya saa sita mchana yanaunguza picha vile vile. Ukimudu kuyapiga bila kupoteza mistari ya mabati, theluji utaiweza.

Rwenzori ni shule nzuri, ila kule juu karibu mita 5,000 hewa ni kama asilimia 60 ya usawa wa bahari, na muda wa kuruka hupungua sana. Kibali cha UCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda) na cha UWA (mamlaka ya wanyamapori) viwe mkononi kabla ya kupanda.

mto_mpanga

Samahani, mimi nauliza upande wa sheria. Uganda haimo kwenye Mkataba wa Antaktika. Wanafunzi wa Kampala wanaruhusiwa kukagua vituo vya watu?

kivuli_kirefu

Swali zuri. Mkataba ulitiwa saini tarehe 1 Desemba 1959, ukaanza kutumika 1961. Ibara ya 7 inazipa nchi zenye haki ya kuteua wakaguzi ruhusa ya kuangalia kutoka angani wakati wowote, mahali popote pa Antaktika. Yaani kutazamwa kutoka juu kumeandikwa ndani ya mkataba wenyewe tangu mwanzo. Si jambo la siri wala la uchokozi. Uganda haina haki hiyo ya kupeleka wakaguzi. Lakini kusoma picha za Sentinel na Landsat zilizo wazi kwa dunia nzima si ukaguzi rasmi na hakuhitaji kibali cha yeyote. Kurusha droni kule ni jambo jingine kabisa: hiyo inapitia tathmini ya mazingira chini ya Itifaki ya Madrid ya 1991, kupitia nchi ya huyo mshirika, na kuna miongozo ya kukaa mbali na ndege na sili.

Kazi hii ina uzito wake. Msimu wa 2022 hadi 2023 watalii zaidi ya 100,000 walifika Antaktika, na ardhi kavu wanayoikanyaga ni ile ile asilimia 0.18 ambayo pengwini, sili na mosi wanaigombania. Ramani ikichorwa na watu wasio na kituo kule wala madai ya ardhi, ina thamani yake.

pikseli_wakiso

Tumefunza upya kwa kipimo kipya na ukanda wa miamba. Alama za uongo zimeshuka sana. Lakini tukilinganisha msimu wa 2020/21 na 2022/23, modeli inasema karibu kila mwamba umebadilika. Sehemu zote, hata pasipo na kituo.

rada_jinja

Hilo si badiliko la ardhi. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, toleo la 04.00 la uchakataji wa Sentinel-2 liliongeza 1,000 kwenye thamani za pikseli zote. Kwenye theluji ya 9,000 haionekani sana, kwenye mwamba wa 1,200 ni karibu mara mbili. Toeni 1,000 kwenye picha zote za toleo hilo na kuendelea, au kwenye Earth Engine chagueni mkusanyiko wenye neno HARMONIZED, umeshafanya hivyo. Na kwa sababu picha za zamani zimekuwa zikichakatwa upya kidogo kidogo, msitegemee tarehe ya picha. Someni namba ya toleo ndani ya jina la faili: ile N0400 au zaidi ndiyo ya kutolewa 1,000.